Mwanafunzi Akifika Kwenye Kituo Chetu cha Afya

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu na kubaki chini ya sauti.)

MTANGAZAJI:   Kipindi cha leo kinahusu afya, na kinahusu shule pia. Tutazungumza juu ya wanafunzi wa udaktari, uuguzi, ukunga na maabara wanaotumwa kujifunza kazi katika vituo vya mbali, vikiwemo vinavyowahudumia wakimbizi. Kama una mtoto anayesomea kazi hizo, mwite asogee karibu na redio. Mwenye kalamu aishike, maana mwishoni kuna mambo ya kuandika.

(Muziki unapanda kidogo, kisha unakatika.)

MAZUNGUMZO

Ndugu msikilizaji, hebu tuanze na foleni ya asubuhi.

Mama amefika kituoni na mtoto mwenye homa. Yuko hapo tangu saa kumi na mbili. Zamu yake inapofika, anayemkaribisha si yule muuguzi aliyemzoea. Ni kijana mwenye koti jeupe, daftari mkononi, na mikono inatetemeka kidogo. Anauliza maswali mengi. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Mama anamtazama na kujiuliza moyoni: huyu ni daktari, au anajifunzia kwenye mwili wa mwanangu?

Katika kambi hiyohiyo, labda nyumba ya tatu kutoka kwa mama huyo, yuko binti aliyekuwa akisomea uuguzi kabla ya vita kumtoa kwao. Amepata shule ya kuendelea nayo. Darasani anafaulu. Lakini hawezi kupata diploma mpaka afanye kazi ya vitendo kwa wiki kadhaa chini ya mtu aliyesomea. Sisi hapa tunaiita staji. Naye binti anajiuliza: nani atanipokea? Nitalala wapi? Nitatokaje kambini?

Mama na binti hawajui kwamba wanaulizia jambo moja. Wote wawili wanataka kujua nani amepanga safari ya huyu mwanafunzi, na nani anamsimamia. Staji iliyopangwa vizuri humsaidia mgonjwa wa leo na kutupatia muuguzi wa kesho. Staji iliyoachwa ijiendeshe yenyewe inaweza kumwumiza mgonjwa na kumpotezea mwanafunzi mwaka mzima. Kazi ya kupanga ni ya shule na ya kituo cha afya, lakini wewe mgonjwa, wewe mzazi na wewe kiongozi wa kambi mna sehemu yenu ndani yake. Ndiyo maana tunazungumza nanyi leo.

Kwanza tuelewane: kwa nini mwanafunzi atumwe mbali?

Kuna mambo ambayo kitabu hakiwezi kuyafundisha. Kitabu kitakuambia jinsi mshipa ulivyo. Hakitakufundisha kuutafuta mshipa huo kwenye mkono wa mtoto aliyekauka maji kwa kuharisha. Kitabu kitachora mtoto ndani ya tumbo la mama. Hakitaupa mkono wako ujuzi wa kujua kichwa kiko wapi. Mambo hayo hujifunzwa kwa kugusa, kwa kuangalia na kwa kurudia, huku mtu mwenye uzoefu amesimama pembeni.

Hapa Bujumbura pana sehemu kadhaa za kujifunzia. Kuna hospitali ya chuo kikuu kule Kamenge, ambayo wengi bado wanaiita Roi Khaled. Kuna hospitali ya Prince Régent Charles. Kuna kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Burundi, na kuna Taasisi ya Taifa ya Afya ya Umma, INSP, inayofundisha wauguzi. Mikoani nako kuna shule za uuguzi za ngazi ya A2. Wanafunzi ni wengi. Katika hospitali kubwa ya mjini unaweza kukuta kundi zima limezunguka kitanda kimoja; wa mbele anaona, wa nyuma anachungulia, na mgonjwa amechoka kuguswa. Siku hiyohiyo, kwenye kituo cha mlimani, muuguzi mmoja anapima wajawazito, anachanja watoto na kuandika rejesta peke yake, na watu bado wamejaa kwenye mabenchi.

Hali hiyo ina historia. Mwezi wa Mei 2006 serikali ya Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka 5 na kwa mama anayejifungua. Lilikuwa jambo kubwa na jema. Akina mama waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa pesa walikuja kwa wingi. Lakini idadi ya wauguzi haikupanda kwa kasi ya wagonjwa, na madaktari wengi waliendelea kubaki mjini. Tangu hapo swali limekuwa hilohilo: tutawafikishaje watu waliosoma mahali ambapo wagonjwa wako?

Jibu moja ni kuwapeleka wakiwa bado wanasoma. Mtu aliyewahi kuishi na kufanya kazi kwenye kituo cha mbali haogopi kurudi huko. Anajua kwamba hata pasipo mashine nyingi, macho, masikio na mikono vinaweza kufanya mengi.

Tuna mfano hapahapa Burundi. Katika milima ya Gitega kuna hospitali ya Kibuye, iliyoanzishwa na wamisionari wa Free Methodist miaka ya 1940. Chuo cha Hope Africa, kilichoanzia Nairobi kisha kikahamia hapa Bujumbura, hupeleka wanafunzi wake wa udaktari huko. Mwaka 2013 kikundi cha madaktari kutoka Marekani kilihamia Kibuye, kwa lengo kubwa la kuwafundisha. Angalia jambo muhimu hapo: walimu wanaishi mahali wagonjwa walipo. Mwanafunzi hatupwi kijijini aendelee kivyake. Anapoamka asubuhi, mwalimu wake naye ameamka palepale, na wanazunguka wodini pamoja.

Nje ya Burundi, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, Kenya, kilipoanza kufundisha madaktari mwaka 1990 kiliiweka kazi ya vijijini ndani ya ratiba tangu mwanzo. Mwanafunzi mchanga haanzi kwa kutibu. Anaanza kwa kuijua jamii: watu wanakunywa maji gani, wanajifungulia wapi, mtoto akiugua wanaenda kwa nani kwanza. Kila mwaka anaongezewa jukumu kidogo. Chuo cha Makerere, Uganda, nacho kilianza mpango wa aina hiyo mwaka 2003. Somo lao ni kwamba jukumu hupimwa kulingana na mwaka wa masomo. Wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa mwisho wote huvaa makoti meupe, lakini hawapewi kazi sawa.

Na ninyi mliotoka Kivu Kusini mna mfano wa nyumbani. Mwaka 1983 kijana mmoja wa Bukavu alimaliza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Burundi. Jina lake Denis Mukwege. Alikwenda kufanya kazi Lemera, hospitali ya milimani katika eneo la Uvira. Nia yake ilikuwa kutibu watoto. Lakini huko Lemera aliona wanawake wakiletwa kutoka vijiji vya mbali wakiwa wamechelewa, wengine wakifa kwa uzazi, wengine wakibaki na majeraha ya maisha. Akabadili njia. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea uzazi na magonjwa ya wanawake, kisha akarudi Lemera. Oktoba 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, wagonjwa na wahudumu wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Mukwege alipofika Lemera alikuwa tayari ana shahada yake. Hata hivyo, wagonjwa wa Lemera ndio waliomwonyesha kazi ya maisha yake. Kwa hiyo, mama, usidhani kwamba mtu anayejifunza kwako hapokei kitu kwako. Mgonjwa naye ni mwalimu. Na mwalimu ana haki ya kuheshimiwa.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuone jinsi staji inavyoharibika.

Inaharibika pale shule inapotuma wanafunzi kumi kwenye kituo chenye muuguzi mmoja, na mkuu wa kituo anapata habari siku wanapofika na mabegi. Inaharibika pale shule mbili zinapotuma watu wiki moja kwa sababu hazikuulizana. Mwanafunzi anakosa pa kulala, anakosa chakula, siku ya nne anarudi mjini, naye daftari lake linasainiwa kana kwamba alikuwepo. Au kinyume chake: anabaki, na kwa kuwa hakuna anayemfundisha, anashinda akifagia na kupanga kadi. Baya kuliko yote, usiku muuguzi anaondoka, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaachwa peke yake na mama mwenye uchungu.

Hili la mwisho lina kishawishi kikubwa wakati pesa za misaada zinapopungua. Mfadhili anapunguza, muuguzi mmoja anaondolewa, na mtu anasema: si tuna wanafunzi? Wao hawalipwi. Ndugu zangu, hapo tuwe macho. Mwanafunzi si muuguzi wa bei rahisi. Kituo kinachopoteza muuguzi hakipaswi kupewa wanafunzi kufunika pengo, kwa sababu aliyeondoka ndiye angewasimamia.

Basi kupanga vizuri kuna nini ndani yake? Nitataja mambo matano, nayo si mageni kwa mtu aliyewahi kumpokea mgeni nyumbani.

La kwanza ni makubaliano ya maandishi kati ya shule na kituo kabla mwanafunzi hajafunga safari. Yaseme wanakuja wangapi, wa mwaka gani, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani. Kwa upande wa kambi, shirika linaloendesha kituo, wizara ya afya na ofisi ya serikali ya wakimbizi, ONPRA, wote wafahamishwe.

La pili ni msimamizi mwenye jina. Kusema "wauguzi watawaangalia" hakutoshi. Atajwe mtu mmoja, na atajwe atakayeshika nafasi yake akiwa likizo au mgonjwa. Wanafunzi wasizidi idadi ambayo mtu huyo anaweza kuiona kwa macho yake.

La tatu ni malazi, chakula na nauli. Kijana asiye na pa kulala hatajifunza chochote. Nyumba ya wageni ya parokia, chumba karibu na kituo, familia inayoaminika: yote yanawezekana yakizungumzwa mapema. Kwa wasichana, usalama wa njia kati ya malazi na kituo uangaliwe mchana na usiku.

La nne ni kinga. Mwanafunzi awe amechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B kabla ya kugusa damu na sindano. Glavu na sabuni viwepo. Na ajue la kufanya akichomwa na sindano iliyotumika: aoshe mahali hapo mara moja kwa maji na sabuni, asipakamue, amwambie msimamizi saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72. Mwanafunzi anayeogopa kugombezwa atanyamaza, na kunyamaza kunaweza kumgharimu maisha. Kwa hiyo msimamizi mwema husema tangu siku ya kwanza: ukichomwa, njoo, sitakufokea.

La tano ni daftari la staji. Kila kazi aliyoifanya iandikwe: amepima wajawazito wangapi, amehudhuria uzazi mara ngapi, amefunga vidonda vingapi, na nani alikuwa akimtazama. Msimamizi asaini kila wiki. Asisubiri siku ya mwisho, gari likiwa linapiga honi nje.

(Muziki mfupi.)

Sasa nazungumza nawe mgonjwa, nawe mzazi wa mgonjwa.

Unayo haki ya kuuliza maswali matatu, kwa upole na bila woga. La kwanza: mwanangu, jina lako nani, na wewe ni mwanafunzi au umeshamaliza? La pili: nani anakusimamia leo, na yuko wapi sasa hivi? La tatu: unataka kunifanyia nini, na kwa nini? Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri atajitambulisha kabla hujamuuliza. Ataosha mikono mbele yako. Akikosa jibu, atasema "ngoja nimwite mkubwa wangu." Hilo lisikutie hofu. Mwenye kuhofiwa ni yule asiyeuliza kamwe.

Unayo haki pia ya kukataa. Mama aliye katika uchungu anaweza kusema: sitaki watu wengi chumbani, abaki mmoja. Anaweza kusema: naomba anipime mkunga mwenyewe. Kukataa kuguswa na mwanafunzi hakukuondolei haki ya kutibiwa, wala hakuguswi na kadi yako ya chakula wala faili lako la ukimbizi. Mtu akikuambia hivyo, mweleze mkuu wa kituo au kamati ya afya.

Lakini nakuomba, usikatae kwa sababu tu ni kijana. Wakati mwingine mwanafunzi ndiye mwenye muda. Muuguzi mwenye wagonjwa themanini mbele yake atakuuliza maswali mawili. Mwanafunzi atakuuliza kumi na tano, na katika hilo la kumi na tatu ndipo utakumbuka kusema kwamba mtoto amekuwa akikohoa usiku tangu mwezi uliopita.

Siri yako ibaki siri. Mwanafunzi haruhusiwi kukupiga picha kwa simu yake bila ruhusa yako, wala kuzungumza habari zako kisimani. Na kama hamsikilizani kwa lugha, omba mkalimani mtu mzima. Mtoto wa miaka kumi asifanywe mkalimani wa mambo ya uzazi wa mama yake.

Kuna hali moja ambayo hakuna kusubiri. Mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akiwa mlegevu kiasi cha kutoamka, usikae kwenye mstari na usianze maelezo marefu na mwanafunzi. Sema kwa sauti: naomba muuguzi mkuu sasa hivi. Mwanafunzi mwema atakimbia kumwita.

(Muziki mfupi.)

Nakuja kwako wewe kijana mkimbizi unayesomea kazi ya afya, au unayetamani kuisomea.

Mwanzoni mwa 2025 makumi ya maelfu ya Wakongo waliingia Burundi, wengi wakivuka mto Rusizi. Kati ya watu hao walikuwemo wanafunzi. Mtu anaweza kukimbia na nguo alizovaa. Saa za staji alizokwisha fanya zinabaki kwenye rejesta ya hospitali aliyoiacha. Asipokuwa na ushahidi, huenda shule mpya ikamwambia aanze upya. Kwa hiyo jifunze tabia hii tangu leo: kila daftari likisainiwa, piga picha ukurasa huo, kisha mtumie mtu mwingine picha hiyo aitunze. Hata kama huna simu, omba ya jirani. Mwisho wa kila staji omba cheti chenye saini na muhuri, kinachotaja tarehe, idara na majukumu. Na kama uliacha masomo Kongo bila karatasi, andika sasa, ukiwa bado unakumbuka: shule, mwaka, walimu, hospitali, miezi. Maandishi hayo si cheti, lakini humsaidia mkuu wa masomo kujua akutafutie wapi uthibitisho.

Hakikisha jina lako limeandikwa sawa kwenye kitambulisho cha ukimbizi, kadi ya shule na barua ya staji. Herufi moja ikipishana, utapoteza wiki nzima ukieleza kwamba wewe ni wewe.

Anza mapema kuomba kibali cha kutoka kambini. Shule ikikupangia staji mahali pengine, omba barua yenye tarehe kamili, uipeleke kwa wahusika wa kambi kabla ya siku za mwisho. Mweleze pia mratibu wa staji shuleni kwamba unaishi kambini. Wengi huona aibu kusema, kisha wanaonekana watoro. Mratibu akijua mapema, anaweza kukupangia kituo kilicho karibu na kambi, ama kukubadilishia tarehe.

Kuhusu ada, HCR ina mpango wa ufadhili wa elimu ya juu kwa wakimbizi uitwao DAFI, ulioanza mwaka 1992. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, kwa hiyo usiuchukulie kama ahadi. Ulizia tu katika ofisi ya elimu ya kambi yako maombi yanafunguliwa lini na yanataka karatasi zipi. Na tafadhali, usimpe mtu pesa eti akuandikishe. Fomu ya ufadhili haiuzwi.

Kuna jambo moja ambalo huenda hukuliona kuwa ni mali. Mwanafunzi Mrundi anayetumwa kambini anakuja na Kirundi na Kifaransa. Mgonjwa wake anasema Kiswahili, Kifuliru au Kibembe. Wewe ukiwa kwenye staji hiyohiyo, ninyi wawili mnakamilishana: wewe unamfungulia mlango kwa mgonjwa wa kambini, yeye anakufungulia mlango kwa mama wa Kirundi wa kijiji cha jirani, maana vituo vingi vinawahudumia wote. Jifunze Kirundi cha kazini: inauma wapi, tangu lini, vuta pumzi, pole mama. Wanaopanga staji wakiwaweka wawili wawili namna hiyo, faida itaonekana wiki ya kwanza.

(Muziki mfupi.)

Mwisho, nina neno kwa viongozi wa kambi, kamati za afya na wahudumu wa afya wa jamii, wale ambao Warundi huwaita abaremeshakiyago.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa methali hiyo ina maana yake ya moja kwa moja kabisa. Mwanafunzi akifika, msimwache aijue kambi kwa kupitia dirisha la kituo. Siku ya kwanza na ya pili mtembezeni. Aone bomba la maji na foleni yake. Aone vyoo. Aone nyumba ambamo watu saba wanalala chumba kimoja, ndipo ataelewa kwa nini kikohozi hakiishi. Akutane na akina mama wanaojifungulia nyumbani, wamweleze kwa nini hawaji: ni giza la njia, ni watoto wa kuachwa, au ni maneno makali waliyowahi kuambiwa. Hayo hayamo kwenye kitabu chake.

Na wahenga haohao walisema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpeni kazi inayobaki baada yake. Awafundishe wahudumu wa jamii kupima utapiamlo kwa utepe wa mkononi na kusoma rangi zake. Ashirikiane nanyi kuorodhesha watoto waliokosa chanjo, mtaa kwa mtaa. Lakini angalieni: asianzishe jambo ambalo litakufa siku anayopanda gari. Akianzisha kikundi cha wagonjwa wa shinikizo la damu, pawepo na muuguzi au mhudumu wa jamii atakayekishika.

Kabla hajaondoka, kaeni naye. Mwambieni alichofanya vizuri na alichokosea, mbele ya msimamizi wake, bila kumwaibisha. Shule nyingi humuuliza msimamizi peke yake maoni. Kamati ya afya inaweza kuandika ukurasa mmoja na kuutuma pamoja na ripoti. Mratibu aliye Bujumbura hawezi kuona kilichotokea usiku wa manane kwenye chumba cha uzazi cha Kavumu. Ninyi mmeona. Mkiandika, atajua mwakani atume wangapi, na kama kituo hicho kina msimamizi kweli au kina jina tu kwenye karatasi.

Ndugu msikilizaji, watu waliokimbia wamezoea kupokea huduma iliyopangwa na wengine. Katika jambo hili mna cha kupanga nanyi: swali analouliza mama, ukurasa unaopigwa picha na mwanafunzi, chumba kinachotafutwa na kamati. Kila moja ni dogo. Vikikosekana, kijana aliyekuja kujifunza anageuka mzigo. Vikiwepo, anaondoka akiwa mtu ambaye siku moja angekubali kurudi.

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo kutoka Bujumbura. Vikundi vya wasikilizaji, andikeni maswali haya manne mkayajadili wiki hii.

Moja: Katika kituo chetu cha afya, tunamjuaje mwanafunzi na tunamjuaje muuguzi? Kuna alama, au jina kwenye koti?

Mbili: Mara ya mwisho wanafunzi walipokuja, nani alikuwa msimamizi wao, na usiku alikuwepo?

Tatu: Katika kambi yetu kuna vijana wangapi walioacha masomo ya afya kwa sababu ya vita, na nani ameandika majina yao?

Nne: Mwanafunzi akija mwezi ujao, tungependa atuachie nini?

Majibu yenu mpeni mhamasishaji wa redio katika mtaa wenu, naye atatuletea. Hadi wakati mwingine, tunawatakia afya njema.

(Muziki wa kipindi hadi mwisho.)